Unyevu Haujui Rula: Uchambuzi wa Kisa cha Chumba Kilichoambuka

Shemeji alinipigia simu akiwa ameshakata shauri. Ukuta wa chumba chake umeoza, alisema. Unyevu unapanda kutoka chini, na mtu mmoja aliyekuja kuutazama amemshauri lipu yote ya sehemu ya chini ibomolewe na kupigwa upya. Kwangu alitaka jibu moja tu: lipu mpya ikishakauka, apake rangi gani isiyokuwa feki kama ile ya kwanza?

Mimi si fundi rangi wa kazi. Nimepaka vyumba vyangu na vya ndugu kwa miaka, nimeharibu kadhaa, na kuharibu ndiko kulikonifundisha kutazama kabla ya kushika brashi. Nikamwomba asibomoe kitu, na yale maganda yaliyoanguka sakafuni asiyafagie mpaka nifike. Akacheka. "Shemeji, siku hizi unakusanya takataka?"

Nilichokikuta

Ni chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5, dari ikiwa mita 2.6 juu ya sakafu, mlango mmoja na dirisha moja. Alikipaka mwenyewe miezi mitatu kabla: mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi ya maji isiyong'aa, ya krimu. Iliyobaki kwenye ndoo aliimalizia kwenye kabati la droo nne la mbao ya msonobari. Wikendi moja, kazi yote ikaisha.

Kwenye kuta zote nne, sehemu ya chini, rangi ilikuwa imeambuka kwa vipande vikubwa, vingine upana wa kiganja, vikining'inia kama bango la mwaka jana. Pembe iliyo chini ya dirisha ilikuwa na sura nyingine kabisa: malengelenge, na ukiyatumbua unakuta unga mweupe. Juu ya kuta hakukuwa na kuambuka, ila ukisimama kando ya dirisha ukautazama ukuta kwa mshazari, unaona mabaka. Rangi ya zamani ilikuwa ikichungulia. Kabati nalo lilikuwa na mambo yake. Ukipitisha ukucha, rangi inatoka. Usoni mwa droo kulikuwa na madoa ya manjano ya mviringo na vishimo vidogo vidogo kama macho. Droo ya pili ilifunguka kwa kuvutwa kwa mikono miwili, na ilipoachia ilitoa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Nikakaa sakafuni nikitazama ukuta. Shemeji alidhani nimeduwaa. Kilichokuwa kimenishika ni mahali kuambuka kulipokoma. Nilichukua futi kamba nikapima: sentimita 120 kutoka sakafuni upande wa mlango, 120 upande wa kushoto, 121 ukuta wa nyuma. Juu ya hapo, shwari.

Maji yanayopanda ukutani hayafanyi hivyo. Hupanda kadiri lipu inavyonyonya, hapa zaidi, pale kidogo, na ukingo wake huwa wa mawimbi, mara nyingi na utando wa chumvi juu yake. Unyevu haujui rula. Mstari ulionyooka hivyo kuzunguka chumba kizima umepigwa na mkono wa mtu.

"Shemeji, kabla yako chumba hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha watoto. Kwa nini?"

"Kuta zake zilikuwa zinang'aa huku chini?"

Akafikiri. "Zilikuwa zinafutika. Walikuwa wanachora na penseli, tunafuta na kitambaa. Eeh, ziling'aa kidogo, mpaka hapa hivi." Akaweka mkono kifuani.

Mgongo wa ganda

Watu wengi rangi ikiambuka hutazama ukuta. Mimi hupindua ganda kwanza. Rangi ukutani ni tabaka juu ya tabaka, na ikishindwa huachia pale penye mshiko dhaifu kuliko pote. Mgongo wa ganda ndio unaokuambia ni wapi. Ukiwa safi na laini, rangi mpya haikuishika ya zamani tangu mwanzo. Ukiwa umebeba rangi ya zamani, ya zamani ndiyo iliyoachia na mpya imeondoka nayo. Ukiwa na unga wa lipu, tatizo liko ndani zaidi: lipu yenyewe inamomonyoka au kuna kitu kinaisukuma kutoka nyuma.

Niliyapanga maganda matatu kwenye kingo ya dirisha. La ukuta wa mlango lilikuwa laini mgongoni kama kioo, bila hata punje ya lipu, na mahali lilipotoka palikuwa na rangi ngumu yenye mng'ao. La pembe ya dirisha lilikuwa zito, mgongo wake umejaa unga na chembe nyeupe. La kabati lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu, mgongoni lina mistari ya mbao iliyonakiliwa kwenye vanishi. Chumba kimoja, rangi moja kutoka ndoo moja, na makosa matatu yasiyohusiana. Kama tungempa shemeji jibu alilotaka, yaani jina la rangi bora, angeipaka na kuipoteza kwa njia zilezile tatu.

Dhana si kipimo, kwa hiyo tukapima. Kwanza spiriti. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua rangi ya zamani kwa nusu dakika hivi. Rangi ya maji hulainika na kuacha alama kwenye kitambaa. Rangi ya mafuta iliyokomaa haitikisiki. Chini ya mstari wa sentimita 120 kitambaa kilitoka kisafi mara tatu. Juu ya mstari kilitoka na rangi. Yaani miaka hiyo wenye nyumba walipaka rangi ya mafuta mpaka kifuani ili mikono ya watoto ifutike, na huko juu wakaweka rangi ya maji. Shemeji akaja akapaka rangi ya maji juu ya vyote bila kugusa msasa.

Kisha wembe. Unakata mistari sita kushuka na sita kukatiza, milimita mbili kati ya mmoja na mwingine, unapata miraba 25. Unabandika mkanda unaonata vizuri, unausugua kwa kidole, unauvuta. Viwanda vina kanuni rasmi ya kipimo hiki, ISO 2409, yenye madaraja na picha za kulinganishia. Nyumbani inatosha kuhesabu. Juu ya mstari miraba yote ilibaki, miwili tu ikamegeka kingo. Chini ya mstari yote 25 iliondoka na mkanda, tena mahali ambapo macho yangesema rangi imekaa vizuri. Kipimo hicho kilitufaa kwa mambo mawili. Kilituonyesha kwamba rangi haikuwa feki, maana rangi ileile ilikuwa imeng'ang'ania huko juu. Kilituonyesha pia kwamba chini ya mstari hapakuwa na sehemu ya kuokoa. Hata iliyokuwa bado imesimama ilikuwa imesimama kwa mazoea.

Mwisho, karatasi ya alumini. Tulikata miraba mitatu, tukaibandika ukutani kwa mkanda pande zote nne bila kuacha upenyo, miwili karibu na sakafu na mmoja kwenye pembe ya dirisha, tukaiacha siku nzima. Jasho likiwa upande wa chumbani, ni hewa yenye mvuke inayogusa ukuta baridi. Likiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Kesho yake miraba miwili ya chini ilikuwa mikavu pande zote. Wa pembeni ulikuwa na matone mgongoni.

Hapo habari ya kubomoa lipu ikafa. Ukuta ulikuwa mkavu isipokuwa pembe moja.

Kwa nini rangi ya maji iliteleza

Rangi ya maji hukauka kwa maji kuondoka, kisha chembe za gundi zilizokuwa zikielea ndani yake husogeleana na kuungana kuwa ngozi moja. Inahitaji mahali pa kushika: vinyweleo, mikwaruzo, uso uliokwangulika kidogo. Rangi ya mafuta yenyewe hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na ikikomaa huwa ngumu, laini, isiyonyonya. Ukipaka ya maji juu yake, inakauka kama inavyokaukia kwenye kioo. Inaposhika hali yake ya mwisho hujikunja kidogo, na kwa kuwa haina meno chini, inaachia. Juu ya hayo kulikuwa na miaka ya mikono ya watoto, na mafuta ya ngozi hayaondoki kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu.

Halafu kulikuwa na hesabu isiyokaa. Mzunguko wa kuta ni mita 15. Zidisha kwa 2.6, unapata mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Mikono miwili ni 70. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufika mita za mraba 10, au 12 ukibahatika. Kwa hiyo chumba kilihitaji lita 6 hadi 7. Shemeji alinunua lita 4, akapaka mikono miwili, na nyingine ikabaki kwa kabati.

"Uliongeza maji kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mpaka ikawa inateleza vizuri."

Kopo lilisema asilimia 10 isizidi. Alikuwa ameongeza karibu nusu. Maji yakizidi, gundi na chembe za rangi zinatawanywa kwenye eneo kubwa kuliko uwezo wake, na ukuta unapata ngozi nyembamba isiyofunika. Hayo ndiyo mabaka ya juu. Sikuyahesabu kuwa chanzo cha kuambuka, ingawa ngozi nyembamba ilifanya kuambuka kuwe kepesi.

Pembe ya dirisha

Tulitoka nje kuutazama ukuta huo kwa upande wa pili. Kati ya fremu na ukuta kulikuwa na ufa wa milimita tatu hivi, na kizibo cha zamani kilikuwa kimekauka na kujikunja. Lakini kilichonifurahisha, kama kosa linaweza kumfurahisha mtu, kilikuwa chini ya kingo ya nje. Kingo nyingi zilizojengwa vizuri zina mfereji mwembamba upande wa chini, karibu na ukingo. Kazi yake ni kuyakatiza maji ya mvua yadondoke badala ya kurudi ukutani kwa kutambaa chini ya kingo. Mfereji huu ulikuwa umejazwa rangi. Mtu aliyepaka nje miaka iliyopita alipitisha brashi mara nyingi mpaka ukaziba, na tangu hapo kila mvua ilikuwa ikirudi ukutani.

Maji hayo hupita kwenye lipu, yanayeyusha chumvi iliyomo, yanafika upande wa ndani, yanapotea hewani na kuiacha chumvi. Chumvi ikijikusanya nyuma ya rangi inakua kama barafu na kuinua ngozi. Ndio ule unga.

Tulikwangua rangi mfereji ukaonekana, tukatoa kizibo cha zamani, tukajaza kipya cha nje kinachovutika. Ndani tuliambua kila kilicholegea mpaka lipu, na chumvi tukaisugua kwa brashi kavu. Shemeji alishatia kitambaa majini, nikamzuia. Ukiosha chumvi kwa maji unaiyeyusha irudi ndani ya ukuta, nayo itakuja tena. Kavu, kisha unakusanya unga na kuutupa nje.

Baada ya hapo, kungoja. Kila wiki tulibandika mraba wa alumini. Wiki ya kwanza matone, ya pili matone, ya tatu ukungu tu. Wiki ya tano ulikuwa mkavu. Tukaziba mashimo kwa lipu ya saruji, na hapo tena wiki nne. Saruji mbichi ni kali, kiwango chake cha pH ni 12 hadi 13, na mazoea ya kusubiri siku 28 yana sababu: rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo na unyevu hugeuka sabuni, nami simaanishi kwa mfano, ni kemia ileile ya kutengeneza sabuni. Hutoka ikinata na kuteleza. Kwa hiyo pembe ile ilikaa uchi wiki tisa, chumba kingine kikiwa kimeshapendeza. Kila mgeni aliuliza. Shemeji alisogeza kiti akaificha.

Njia tulizozipima kwa ukuta wa chini

Kubomoa lipu tulishakukataa. Njia ya pili ilikuwa kuiondoa rangi ya mafuta yote kwa kemikali au kwa bunduki ya joto. Niliikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, rangi ile ya zamani ilikuwa imeshika lipu barabara. Wembe na mkanda haukuing'oa hata mraba mmoja. Kwa nini ung'oe msingi mzuri? Ya pili ni risasi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na tangu 2009 kiwango kinachoruhusiwa huko ni sehemu 90 tu kwa milioni. Kwingine sheria zilikuja baadaye. Ukiichoma rangi ya namna hiyo kwa joto kali unavuta mvuke wake, ukiipiga msasa mkavu unavuta vumbi lake, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Tulitumia kipimo cha pamba inayobadilika rangi, hakikuonyesha kitu. Hata hivyo nilichagua msasa wa maji, maana kipimo cha nyumbani sikiamini kuliko barakoa yangu.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoifuata: kuondoa rangi mpya yote chini ya mstari, kuiacha ya mafuta mahali pake, kuifanya ishikike, kisha kupaka.

Kazi yenyewe

Rangi mpya ilitoka kwa kisu cha puti bila ubishi, sehemu nyingine unaivuta kama shuka. Tukaosha ukuta kwa sabuni ya kukata mafuta, tukasuuza mara mbili. Kuosha kunatangulia msasa, si kinyume chake. Ukianza na msasa unayasaga mafuta yakaingia kwenye mikwaruzo ileile unayotaka rangi ishike. Kisha msasa wa maji namba 180, ndoo mkononi, mpaka mng'ao ukafa. Hakuna haja ya kuchimba. Unatafuta ukuta uwe butu kila mahali, na taa ya mkononi ukiiegesha ukutani itakuonyesha sehemu ulizoruka.

Juu ya hapo tulipaka praima ya kushika, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ile iliyoandikwa kwamba inafaa kwa nyuso zinazong'aa, mkono mmoja chini ya mstari. Kwenye mstari wenyewe kulikuwa na ngazi ndogo ya unene, isiyoonekana mchana ila taa ikiwashwa usiku inatupa kivuli. Tuliijaza puti nyembamba, tukaisawazisha kwa msasa 220, tukagusia praima tena. Kabla ya kuendelea nilirudia kipimo cha wembe mahali kabati lingefunika. Miraba 25 ilibaki 25. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kukata ukuta wao wenyewe; shimo la ukubwa wa kucha linakuokoa na kazi ya wiki.

Rangi safari hii ilikuwa lita 8, makopo mawili. Tuliyamimina yote kwenye ndoo moja na kukoroga, kwa kuwa makopo mawili ya jina moja na namba moja yanaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo ikitokea katikati ya ukuta haifichiki. Maji, asilimia 5. Rola yenye manyoya ya milimita 10, brashi ya nyuzi za plastiki kwa pembeni. Brashi ya manyoya halisi ni nzuri kwa rangi ya mafuta. Kwenye rangi ya maji inanyonya na kulegea kama mswaki mzee.

Siri ya ukuta usio na mabaka ni kutoruhusu ukingo ukauke. Unapitisha brashi pembeni kwa mita moja hivi, unafuata na rola palepale, unasonga mbele huku kila mpito ukigusa ule uliotangulia ungali mbichi. Nalijua hilo, na bado ukuta wa nyuma niliuacha katikati nikapokea simu. Dakika kumi na tano. Niliporudi nikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na asubuhi palikuwa na mshipa wima katikati ya ukuta, unene mara mbili. Shemeji hakusema kitu. Alinikabidhi msasa tu. Ukuta ule ulipata mkono wa tatu, kutoka kona hadi kona, simu ikiwa jikoni.

Mkanda wa karatasi tuliutoa rangi ikiwa bado haijakomaa, tukiuvuta taratibu kwa mshazari. Ukingoja siku mbili, ngozi ya rangi inakuwa moja na mkanda, nao unaondoka na kipande cha ukuta. Ukichelewa, pitisha wembe kwanza.

Kabati

Hili lilikuwa na makosa zaidi ya ukuta, na kwa kweli ndilo nililolifurahia. Chini ya rangi kulikuwa na vanishi ya zamani, laini, ambayo kwa miaka ilikuwa ikifutwa kwa dawa ya kung'arishia fanicha. Dawa nyingi za namna hiyo zina silikoni. Rangi ikitua penye silikoni inakimbia na kuacha kishimo. Mafundi huviita macho ya samaki. Yale madoa ya manjano yalikuwa juu ya vifundo vya mbao. Msonobari una utomvu, na vifundo vyake vina rangi inayoyeyuka. Rangi ya maji inapokauka inaivuta hadi juu. Mkono wa tatu au wa nne haufuti doa hilo, unalipa tu kitu kingine cha kupanda. Na droo zilikwama kwa sababu zilipakwa kila upande, pamoja na sehemu zinazosuguana, kwa rangi ya ukutani ambayo ni laini na hunatana ikigandamizwa.

Tulitoa droo, tukafungua vishikio, tukaandika namba nyuma ya kila droo. Rangi ilikwanguka kwa kisu butu. Silikoni haitaki haraka: kitambaa chenye tapentaini, futa, tupa, kitambaa kipya, futa, tupa, mara tatu. Ukirudia kitambaa kilekile unaitembeza tu. Vitambaa hivyo tulivitandaza nje kimoja kimoja mpaka vikakauka. Hii ni tahadhari ambayo siiruki, hasa penye mafuta ya kitani: kitambaa chenye mafuta yanayokauka kikifinyangwa na kutupwa pembeni hujipasha moto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti.

Kisha msasa 120, halafu 180, kufuata nyuzi za mbao. Vumbi tukalifyonza na kulifuta. Juu ya vifundo tulipaka shelaki, mikono miwili, halafu mkono mmoja wa praima ya shelaki kwenye kabati zima. Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo, huyeyushwa kwa spiriti, na sifa yake ni kufunga: utomvu wa mbao, madoa, moshi, hata mabaki ya silikoni. Hukauka kwa chini ya saa moja, kwa hiyo huna nafasi ya kurudi kusahihisha. Unapita mara moja unaondoka. Brashi yake huoshwa kwa spiriti, maji hayasaidii.

Rangi ya mwisho tulichukua ya maji ya fanicha na milango, ile ngumu yenye mng'ao wa wastani, si ya ukutani. Rola ndogo ya sponji, mikono mitatu myembamba, msasa 240 wa kugusia kati ya mmoja na mwingine. Wembamba ndio kila kitu hapa: mkono mzito unatiririka kwenye kingo na kukaa mbichi chini ukiwa mkavu juu. Sehemu zinazosuguana hatukupaka kabisa. Tulizipiga msasa zikawa mbao tupu, na mwisho, rangi ikiwa kavu kila mahali, tukazisugulia mshumaa. Nta ikitangulia rangi ni silikoni nyingine.

Palipoleta ubishi ni muda. Rangi ya namna hii huwa kavu kwa kidole ndani ya saa moja au mbili, unaweza kurudia baada ya saa nne hivi, lakini kukomaa huchukua wiki mbili hadi nne. Ile "kavu" ya kwanza ndiyo iliyomponza shemeji mara ya kwanza. Alirudisha droo usiku uleule na kuweka taa juu ya kabati, taa ikaacha alama. Safari hii droo zilikaa nje ya kabati siku kumi, zimesimamishwa kwenye vipande vya mbao, na nguo zake zikiwa kwenye masanduku. Alilalamika kila siku, kwa haki.

Ilivyo sasa

Kuta zina miezi minane. Chini ya mstari hakuna palipoinuka, na nimejaribu mkanda tena nyuma ya mlango. Pembe ya dirisha ilipakwa ya mwisho: mkono wa kwanza wa rangi ya maji iliyoongezwa maji zaidi, kwa kuwa lipu tupu hunyonya na ikipewa rangi nzito inainywa maji yake kabla haijashika, kisha mikono miwili ya kawaida. Imeshapita mvua za kutosha. Ukiijua mahali ilipo unaiona, ni nyeupe kidogo kuliko jirani yake. Wasioijua hawaioni.

Kabati lina kasoro moja. Usoni mwa droo ya tatu kuna duara hafifu la manjano, saizi ya kitufe. Kifundo kile kilikuwa karibu na ukingo, nami nilikipa mkono mmoja wa shelaki badala ya miwili kwa sababu kopo lilikuwa linaelekea kwisha. Nimejitolea kuirekebisha droo hiyo. Shemeji amekataa kutoa nguo.

Kwenye ubao wa nyuma wa kabati tumeandika kwa penseli kila tulichopaka, kwa mpangilio na tarehe, kabati na kuta. Mstari wa mwisho ni mwandiko wake: "Kuta zote chini ya sm 120 kuna rangi ya mafuta. Osha, piga msasa, praima. Maji asilimia 5, si mpaka iteleze."